Kabla nyundo haijagonga nyumba ya jirani

Katika mitaa ya Mabatini jijini Mwanza, mnada wa nyumba hausubiri gazeti ili ujulikane. Gari lenye spika hupanda taratibu hadi pale barabara inapoishia, chini ya mawe, kisha sauti husikika mlima mzima. Hutajwa jina la mdaiwa, namba ya kiwanja, siku na saa. Waliopanga hutoka kusikiliza, maana nyumba ya mnada huweza kupatikana kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuiota. Wenye nyumba inayotajwa hufunga mlango.

Mwaka 2018 matangazo ya namna hiyo hayakuwa mageni. Ndiyo miaka ambayo msemo wa "vyuma vimekaza" ulikuwa kwenye kila kijiwe. Mikopo isiyolipika katika mabenki ya nchi ilikuwa imevuka asilimia 10 ya mikopo yote, wakati Benki Kuu hutaka isizidi asilimia 5. Aliyekopa kwa biashara akaona wateja wamepungua, aliyejenga nyumba za kupangisha akaona vyumba vinakaa vitupu, na aliyetaka kuuza apunguze mzigo akakuta wanunuzi hawana fedha. Nyumba zikashuka bei, na dhamana zikaanza kuuzwa.

Mwaka huo ndipo mume na mke mmoja wa Mabatini walipojikuta wanabishana usiku hadi watoto wanaamka. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mke alikuwa akiuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo walikuwa wameweka shilingi milioni 28, nyingi zikiwa za faida ya dagaa na za mgawo wa kikoba. Nyumba iliyotangazwa ilikuwa hatua mia moja hivi juu ya pale walipopanga: vyumba vinne, sebule, choo cha ndani na hati mkononi mwa benki.

Anayeujua mlima wa Mabatini ataelewa kwa nini nyumba iliyokwisha kujengwa ni kishawishi. Huko juu lori halifiki. Mchanga, kokoto, matofali na saruji hupanda kichwani, na kila jiwe unalolipita linaongeza bei ya mfuko. Kabla ya msingi lazima uvunje mwamba au ujenge ukuta wa kuzuia udongo. Chini bondeni, karibu na mto Mirongo, ujenzi ni rahisi zaidi, lakini mvua kubwa ikinyesha maji hubisha hodi. Kwa hiyo nyumba nzuri, iliyosimama pakavu, ikiuzwa bei ya mnada, si jambo la kupita hivi hivi.

Tatizo ni kwamba mke alimjua mwenye nyumba. Yeye na mke wa mdaiwa walikuwa kikoba kimoja, na walikuwa wakikutana sebuleni mwa nyumba hiyo hiyo kila Jumapili mchana.

"Tusiponunua sisi atanunua mwingine," mwalimu alisema. "Huruma yetu haitamrudishia nyumba."

"Hilo nalijua, Mwalimu," mkewe alijibu. "Lakini huyo mwingine hatakutana naye kisimani. Mimi nitakutana naye."

Barua chini ya godoro

Mdaiwa alikuwa mvuvi mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Alikuwa amekopa milioni 35 kununua mashine mpya na nyavu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Mvuvi aliyezoea hupanga maisha yake kwa mwezi wa angani, lakini benki hupanga marejesho kwa mwezi wa kalenda. Misimu miwili ya giza ikawa mibaya, mashine moja ikaharibika, na marejesho yakasimama.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yaliyokuja baadaye, haimruhusu mkopeshaji kuamka asubuhi na kuuza nyumba ya mtu. Kwanza lazima ampe mdaiwa notisi ya maandishi inayoeleza kosa, kiasi anachodaiwa, na kwamba siku 60 zikipita bila kulipa, mali inaweza kuuzwa. Baada ya hapo, Sheria ya Madalali inadai tangazo la mnada wa ardhi litolewe kwa umma si chini ya siku 14 kabla, tena kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Ndiyo maana gari lenye spika hupita.

Siku 60 ni muda wa kutosha kutafuta mnunuzi, kukaa na ndugu, kuuza mtumbwi au kuomba marejesho yapangwe upya. Lakini siku 60 za mvuvi huyu zilipita bila mtu kujua. Alipopokea notisi aliikunja, akaiweka chini ya godoro upande anaolala yeye. Mkewe aliisikia habari ya deni kwa mara ya kwanza kutoka kwenye spika, akiwa ameshika beseni la vyombo, majirani wakimtazama.

Siku mbili baadaye, mke wa mwalimu alipanda kwenda kumwona. Hakwenda na habari ya kununua. Alikwenda na dagaa kilo mbili na sukari, kama mtu anavyokwenda kwenye msiba. Wakaongea. Ndipo akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa moyoni: "Dada, ulisaini?"

Swali hilo lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo mwenzi anayeishi humo ameridhia kwenye hati. Hata wale wasio na cheti cha ndoa hawakusahauliwa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wameoana hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Wapo waume wanaokwenda kuapa kwa kiapo cha maandishi kwamba hawana mke ili mkopo utoke. Kiapo cha uongo cha namna hiyo ni kosa la jinai, lakini kinaweza kumpa mkopeshaji pa kujificha, na mke akabaki kuhangaika mahakamani.

Kwa mnunuzi pia swali hilo ndilo la kwanza. Sheria inamlinda anayenunua kwa nia njema katika mnada, na mara nyingi mdaiwa aliyeonewa huambiwa adai fidia kwa mkopeshaji badala ya kurudishiwa nyumba. Lakini kulindwa na sheria si sawa na kulala usingizi. Kesi ya nyumba ya ndoa inaweza kuchukua miaka, na muda wote huo fedha zako zimekwama kwenye nyumba usiyoweza kuingia, na wewe unaendelea kulipa kodi ya vyumba viwili.

Mke wa mvuvi alijibu kwamba alisaini. Aliitwa ofisini, akaonyeshwa mahali, akaandika jina lake. Alidhani anasaini kama shahidi wa mumewe. Hakuna aliyemsomea.

Kwa hiyo benki ilikuwa na karatasi zake. Notisi ilitolewa, ridhaa ilikuwepo, tangazo lilipita. Mwalimu aliposikia hivyo alipata nguvu: nyumba ilikuwa safi kisheria. Mkewe alisikia kitu kingine. Aliona kwamba mwenzake hakuwa na pa kukimbilia.

Hesabu za mwalimu

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na tamaa. Alikuwa amechoka kupanga. Alikuwa amesoma habari za Marekani baada ya msukosuko wa mwaka 2008, ambako mamilioni ya watu walipoteza nyumba zao, na wenye fedha kidogo mkononi wakanunua kwa bei ya kutupwa. Huko Detroit, minada ya nyumba zilizoshindwa kulipiwa kodi ilianzia dola 500. Aliwasimulia hata walimu wenzake ofisini.

Lakini katika kusoma huko alikuwa amekutana pia na njia ya pili ambayo haisimuliwi sana. Wamarekani wengi hawakusubiri mnada. Mwenye nyumba, benki na mnunuzi walikaa wakakubaliana nyumba iuzwe mapema, hata kama bei haikufikia deni lote, kwa sababu benki nayo haipendi mnada. Mnada una gharama, una kesi, na huleta bei ndogo. Jambo hilo mwalimu alilipita haraka. Mkewe ndiye aliyemrudisha hapo, alipomwambia achukue kalamu na daftari.

Nyumba za aina ile, mlimani pale, zenye hati, zilikuwa zikiuzwa kwenye milioni 60 kabla ya hali kuwa ngumu, na majirani wawili walikuwa wameuza karibu na bei hiyo mwaka ule ule. Mwalimu alitarajia kupata kwa milioni 38 mnadani. Deni lililobaki, pamoja na riba, lilikuwa milioni 31.

Jambo la kwanza lililoonekana kwenye daftari lilikuwa la kisheria. Mkopeshaji anapouza anatakiwa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa wakati huo. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba hakutimiza wajibu huo, na mdaiwa anaweza kuiomba mahakama itangaze mauzo kuwa batili, hadi mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Asilimia 25 ya milioni 60 ni milioni 15. Maana yake, nyumba hiyo ikiuzwa kwa milioni 45 au chini yake, mlango wa kesi unakuwa wazi. Ile milioni 38 ya mwalimu ilikuwa ndani kabisa ya mlango huo. Unafuu aliokuwa akiufurahia ndio uliokuwa hatari yenyewe.

La pili lilikuwa la fedha. Masharti ya kawaida ya minada hii ni kulipa asilimia 25 papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku 14. Anayeshindwa hupoteza alichotanguliza. Robo ya milioni 38 ni milioni tisa na nusu. Walikuwa na milioni 28. Zilizobaki zingetoka kwenye mkopo wa mshahara, na mkopo wa mshahara hautoki kwa sababu dalali ana haraka.

La tatu lilikuwa la watu. Kikiuzwa kilichozidi deni, ziada ni mali ya mdaiwa. Lakini kwa milioni 38, ukitoa deni, riba inayoendelea na gharama za dalali, familia ya mvuvi ingetoka na milioni tano hivi, kama zingefika. Na ingetolewa, maana mnada humpa mnunuzi karatasi, haumpi nyumba iliyo tupu. Vitanda, watoto watatu na bibi mzee wangekuwa bado ndani. Mwalimu angelazimika kwenda na dalali na askari kumtoa jirani yake, mbele ya wanafunzi anaowafundisha, mmoja wao akiwa mtoto wa nyumba hiyo.

"Huyo wa darasa la tano," mkewe alisema, "kesho yake utamwita majina darasani. Ataitika?"

Mwalimu alifunga daftari. Asubuhi yake wakapanda wote wawili.

Wiki ya makaratasi

Walichokwenda kupendekeza ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Wangenunua nyumba kabla ya mnada kwa milioni 46. Milioni 31 zingeingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na 15 zingebaki kwa familia. Mvuvi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mwalimu, "Umekuja kuninunua nikiwa chini, shemeji." Mwalimu hakuwa na jibu. Mke wa mvuvi ndiye aliyesema, "Siku kumi zijazo tutakuwa chini zaidi. Lete hiyo barua."

Ndipo notisi ilipotoka chini ya godoro.

Hatua zilizofuata zinafaa kujulikana na kila familia, iwe inadaiwa au inataka kununua. Mvuvi na mkewe walikwenda pamoja kwa mkopeshaji na kuomba barua inayotaja deni kamili hadi tarehe maalumu, ili riba isiendelee kuongezeka wakati watu wanahangaika. Mnunuzi alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama kiwanja kina rehani nyingine au zuio la mtu yeyote. Ofisi ya serikali ya mtaa iliulizwa kama kuna mgogoro wa mpaka, na ofisi ya ardhi ya jiji kama kuna malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Wakili aliandika makubaliano ya pande tatu: muuzaji na mkewe, mnunuzi na mkewe, na mkopeshaji. Safari hii kila ukurasa ulisomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa, na mke wa mvuvi alisimamisha wakili mara nne kuuliza maana.

Kipengele muhimu kuliko vyote kilikuwa cha fedha za mwanzo. Mtu hawezi kuingiza akiba ya miaka kumi na mmoja kwenye akaunti ya deni la mtu mwingine kwa kuaminiana tu. Mkataba ulisema mkopeshaji akipokea milioni 20 anasimamisha mnada, akipokea 11 zilizobaki ndani ya siku 30 anaondoa rehani na kumkabidhi wakili hati, na mauzo yakivunjika kwa kosa la muuzaji, fedha ya mnunuzi ina haki juu ya nyumba hiyo kabla ya yoyote nyingine isiyo ya mkopeshaji. Kodi nazo ziliandikwa: ushuru wa stempu wa asilimia moja juu ya mnunuzi, na kodi ya ongezeko la mtaji, kama ingekuwepo, juu ya muuzaji. Mambo hayo yasipoandikwa mapema, hugeuka ugomvi wakati wa kuhamisha jina.

Siku 30 hizo zilikuwa ndefu. Mkopo wa mshahara wa milioni 14 ulichelewa wiki nzima kwa ajili ya barua moja ya mwajiri. Mke wa mwalimu aliacha kununua dagaa kwa siku kadhaa ili asiguse fedha, akawa anakwenda Mwaloni kuangalia wenzake wakifanya biashara. Kiwanja chao kidogo cha Usagara, walichokuwa wamekinunua kwa ajili ya uzeeni, kiliuzwa kwa milioni sita. Siku ya 27 fedha ikakamilika. Rehani ikaondolewa, hati ikahamishwa, na familia ya mvuvi ikapewa miezi miwili ya kuhama bila kodi.

Kilichobaki

Ukipima kwa fedha tu, mwalimu alilipa milioni nane zaidi ya alizotarajia kulipa mnadani. Wenzake ofisini walimwambia waziwazi kwamba amepunjwa. Lakini hakwenda mahakamani hata siku moja, hakumwita askari, na mtoto wa darasa la tano anaitika jina lake likiitwa.

Familia ya mvuvi ilipata kiwanja Buswelu na kujenga vyumba viwili kwa ile milioni 15 na fedha ya mtumbwi mmoja uliouzwa. Mtumbwi wa pili ulibaki, na kazi ikaendelea. Ni mbali na ziwa, na nauli ya daladala inauma. Hawakusema kwamba wanafurahi, na hakuna aliyewaomba waseme.

Urafiki wa wanawake wale wawili haukuvunjika, lakini haukubaki vile vile. Wanasalimiana vizuri, wanachangiana kwenye misiba, na mwenye nyumba wa zamani bado ni mwanachama wa kikoba. Ila mkutano wa Jumapili haufanyiki tena sebuleni pale. Hakuna aliyelipigia kura jambo hilo. Wiki moja baada ya familia kuhama, mwanachama mwingine alisema tu kwamba kwake kuna kivuli kizuri, na wote wakaenda huko.

Wapo watakaonunua mnadani na kufanya vyema; si kila mdaiwa ana mke aliyefichwa barua, na si kila nyumba ina watu ndani. Atakayenunua aulize ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, na apige hesabu ya ile robo ya bei ya soko. Lakini kama nyumba ni ya jirani na siku bado zipo, apande akagonge hodi kwanza. Na kwa wale ambao barua imekwisha kuwafikia: godoro halijawahi kusimamisha mnada. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa barua inapopokelewa, hata kama mwenye nyumba hajamwambia mwenzake.